Siku Mashini Ilipopakwa Poda

Uvumilivu wangu uliisha saa nne za asubuhi, mbele ya ukuta wangu mwenyewe hapa Gasenyi, pale fundi wa buldozeri aliponiomba poda ya watoto. Nakiri mapema kwamba naona haya kuandika habari hii, na kama si jirani yangu Spesi kuisimulia kila penye watu wawili kwa namna yake (kwake yeye eti nilizimia, mimi ambaye sikuzimia hata siku ya kuzaa mapacha), ningeinyamazia mpaka niingie kaburini. Lakini aibu ni yangu, basi afadhali niitembeze mwenyewe.

"Mama Bukuru, samahani sana," fundi alisema, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, kofia yake ya kuswalia imeingia grisi pindoni. "Unayo poda? Ile ya batoto."

Nilikuwa na Butoyi mgongoni na Bukuru mkononi, na sijui ni yupi kati yao aliyenipa nguvu, maana sauti iliyotoka sikuijua.

"Poda? We unaona mi njo nilizaa hii mashini? Beseni nilikupa, bitambaa nilikupa, sabuni nilikupa, sasa poda! Kesho utaniambia niinyonyeshe?"

Spesi alikuwa amekwisha kupanda juu ya tofali upande wake wa ukuta. "Usikubali, sha! Iko na mudomo mukubwa ile, itakumaliza!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, hakukasirika, alisimama tu kama mtu anayengoja mvua ipungue. Na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Sasa ili mjue kwa nini neno dogo kama poda lilinitoa akili, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Nyuma ya jiko langu kuna korongo. Tulipojenga lilikuwa mbali, hata hatukulihesabu kuwa letu, lakini kila msimu maji yakishuka kutoka milimani yanauma udongo kipande, yanameza, yanarudi tena, na mwaka huu kutoka mlango wa jiko mpaka ukingoni ni hatua kumi na moja (nimezipima mimi mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa, na hatua zangu si ndefu). Jiko likienda, kinachofuata ni chumba wanacholala mapacha. Ndiyo maana kampuni moja ilipopewa kazi ya kuchimba mfereji wa kugeuza maji yaende mtoni kabla ya mvua, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Wakaleta buldozeri. Kizee hasa, cha minyororo ya chuma, rangi ya manjano imepauka kama ganda la ndizi la juzi, kiti kimeshonewa gunia, na ubavuni hakina kifuniko, mota iko nje na vibomba vyake vyote kama matumbo ya mbuzi kwa mchinjaji. Siku ya kuingia kikaangusha mpapai wangu, mpapai ambao nilikuwa nafungia kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyesema pole. Kikachimba siku tatu, kwa kelele za kuua, siku ya nne demareri ikafa (ndicho kidude kinachoamsha mota), dereva akafunga robine, ile koki ya tangi la mafuta, akashuka, akaenda zake. Mashini ikabaki mwezi mzima, ubavu wake umeelekea ukuta wangu, na mfereji umekatika zikiwa zimebaki hatua arobaini tu ufike mtoni.

Mwezi mzima! Mimi nina watoto wawili wa miezi minane wanaochafua nepi za kitambaa kama wanalipwa, nina mablanketi, nina mashuka, na mpapai sina. Nikapata mahali pengine pa kufunga kamba yangu ya buluu, maisha yakaendelea. (Hilo la kamba tuliweke pembeni kwanza.) Kitu kimoja tu kilinisumbua, nguo zikaanza kunuka mazutu, yaani dizeli. Nikabadilisha sabuni mara mbili, nikamgombeza mwenye duka, nikamwambia anauza sabuni iliyosafirishwa na mafuta.

Halafu demareri mpya ikaja, na pamoja nayo dereva yule yule na huyo Fundi Saidi wa Buyenzi. Mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mpole, anaongea kama vile maneno yananunuliwa. Asubuhi moja tu akaifunga demareri, mota ikaamka, moshi mweusi ukapanda mpaka kwa Mungu, watu wote tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, mashini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Na chini ya tumbo lake, tone. Tone jingine. Kisha kamba nyembamba ya mazutu ikawa inashuka ardhini.

Nyinyi mnaokaa Bujumbura sina haja ya kuwaeleza maana ya mazutu kumwagika chini. Watu wanalala kwenye foleni kwa ajili ya hicho kitu. Kila tone lililoanguka lilikuwa linapiga mtaa mzima kifuani.

Siku ya kwanza fundi akaja mlangoni: "Mama Bukuru, samahani, unayo beseni?" Nikampa, nikidhani ni la kunawa. Nikaja kukuta beseni la kuogeshea wanangu liko chini ya mashini linakinga mazutu. Siku ya pili: "Mama Bukuru, samahani, bitambaa bya zamani." Nikatoa nepi tano zilizochakaa. Siku ya tatu: "Samahani, kasabuni." Nusu mche. Na Spesi kila siku yuko juu ya tofali lake anahesabu: "Imeogeshwa, imepanguswa, imepakwa sabuni. Mutoto bado jina tu!"

Siku zote hizo tatu fundi alikuwa anakaza hiki, anafungua kile, anabadilisha rondeli za shaba, vile vipete vya kuzuia mafuta, kwenye chujio, na mazutu inaendelea kudondoka pale pale. Mawingu nayo yakaanza kukaa juu ya milima kila mchana. Mimi naangalia mawingu, naangalia korongo, naangalia fundi, na akili yangu ikaanza kupika.

Maana nilikuwa nimemwona na kibidoni. Kibidoni cheupe cha lita tano. Kila siku mara mbili anakibeba, anazunguka nyuma ya ukuta kwenye majani marefu, anainama, anakaa kidogo, anarudi kibidoni kikiwa chepesi. Nikasema, aah! Kumbe ndiyo sababu mashini haiponi. Mtu anamwaga mazutu mahali, mwenzake anakuja kuichukua. Nani atatengeneza kitu kinachomlisha?

Nikachukua kalamu. Mimi nimemaliza sekondari, na nikiwa na hasira huwa naandika Kifaransa. Nikaandika malalamiko ukurasa mzima kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, nikaweka saa alizokuwa anaenda huko majanini, saa sita na nusu na saa tisa na nusu, nikaweka na neno moja refu la wizi wa mali ya umma nililolikuta kwenye mtihani wa mwaka wa mwisho na tangu hapo sikupata mahali pa kulitumia. Nikaomba fundi aondolewe. Barua nikaikunja, nikaiweka kifuani, nikasema nitaipeleka Jumatatu.

Kumbe Jumatatu ilikuwa mbali. Poda ikaja siku ya nne, na mimi nikalipuka.

Nikatuma mtu kumwita shefu wa kartie. Akaja mbio, maana anapenda ugomvi wenye karatasi, na kikoba chake begani, ndani yake kashe, muhuri wake wa kazi, na kidau cha wino (hakiachi ofisini hata siku moja, wala hata nyumbani kwake hakiachi, nasikia anakilalia). Na kama vile shetani alikuwa amepanga ratiba, dakika hiyo hiyo ikafika gari ya shefu wa shantie, mkuu wa kazi wa kampuni, kijana wa viatu vyeupe ambaye tangu mfereji uanze hakuwahi kukanyaga tope. Watu wakawa wengi. Wauza mkaa wakasimama. Wanafunzi wakasimama.

Nikaitoa barua kifuani na kuisoma kwa sauti. Yote. Na lile neno refu nalo nikalisoma mara mbili.

"Mama," shefu wa kartie akasema, "una hakika?"

"Hakika? Kile kibidoni kile pale, bado kimejaa! Leo hajakimwaga! Munuse mwenyewe!"

Bukuru nikampa mwanafunzi mmoja amshike, nikakiendea mimi, nikakifungua mbele ya watu wote, nikamimina kwenye kiganja, nikainua kiganja puani kwa mbwembwe kama daktari. Hakikunuka kitu. Nikamimina tena. Maji, meupe kama ya kisima.

Wauza mkaa wakasogea waone kiganja changu.

"Ni maji ya udhu, Mama Bukuru," Fundi Saidi akasema polepole, na aliyekuwa anaona haya ni yeye. "Ya kutawazia. Nilionaka haya kunawia miguu mbele ya mulango yako, njo nikaenda pale ku majani. Naswali palepale, narudi."

Saa sita na nusu. Saa tisa na nusu. Mimi niliyesoma mpaka nikamaliza sekondari, niliyekua nikisikia adhana tangu utotoni nikienda sokoni Buyenzi na mama yangu, nilikuwa nimeandika saa za swala kwenye karatasi na kuziita saa za wizi.

"Yoo!" Spesi akapiga kelele. "Na saa uliandika! Umemushitaki mutu kwa Mungu wake!"

Mtu mwenye akili angekunja barua hapo na kuingia ndani. Mimi nikianguka kwenye tope huwa nachimba. Nikajishika kiuno, Butoyi akiruka mgongoni kama gunia la viazi, nikasema: "Sawa. Basi kama apana wewe, mazutu iko naenda wapi?"

Fundi akanitazama, kwa mara ya kwanza nikaona kama anataka kucheka. "Njo juu ya ile nilikuomba poda," akasema. "Tutafute kwanza. Kugombana hakutakimbia, kutatungoja pale."

Nikaleta poda, kopo jipya, harufu ya maua, nikaliweka mkononi mwake kwa nguvu kama mtu anayepiga kofi. Na sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kilichofuata kilikuwa kazi ya mtu anayeijua kazi yake, na mimi mtu wa namna hiyo humvulia kilemba hata nikiwa nimemkasirikia.

"Mazutu ni mwongo," alisema huku amepiga magoti, hakusema nami, alisema na vile vibomba. "Haitokaki pale inadondokea. Inatoka huku juu kidogo sana, inatambaa, inafuata chuma, inashuka nyuma, inazunguka, halafu inadondoka kule chini, we unakaza bulo, skrubu za chini, siku tatu kama mi. Nilikaza bule. Sasa apana kukaza. Sasa kuangalia."

Akafunga robine ya tangi. Akachukua ile nusu mche ya sabuni na maji, akaosha kila bomba, moja moja, kuanzia chini ya tangi mpaka kwenye chujio, kutoka kwenye chujio mpaka kwenye pampu. Kila kona. Akaingiza kidole kilichofungwa nepi mahali ambapo mimi nisingejua kuwa kuna mahali. Akapangusa na nepi ya kwanza, akapangusa na ya pili, akakausha na ya tatu, akapitisha na mgongo wa kiganja chake kusikia kama kuna ubichi (jinsi nami ninavyopitisha mkono kwenye mikunjo ya mapaja ya Bukuru, hivyo hivyo, sikosei). Kisha akamimina poda kiganjani, akaipuliza kwa pumzi ndogo, fuu, fuu, ikatua juu ya vibomba vyote mpaka ile mota nyeusi ya kutisha ikawa nyeupe, ikanukia maua.

"Mutu asiguse," akasema. "Na asipige chafya."

Akafungua robine. Akakaa chini, mikono juu ya magoti.

Watu kama arobaini tulisimama tunaangalia bomba lililopakwa poda kama tunaangalia fainali. Hata wauza mkaa hawakukohoa. Shefu wa shantie akatazama saa, akatazama simu, akaacha, naye akainama. Dakika moja. Dakika mbili. Bukuru akanyamaza mwenyewe. Halafu Fundi Saidi akainua kidole kimoja tu.

Juu kabisa, mbali na chujio, mbali na mahali alipokuwa amekaza siku tatu, kwenye bomba jembamba la shaba linalopita pembeni, poda ilikuwa imeanza kulowa. Doa dogo kama kichwa cha kiberiti. Doa likawa mstari, mstari ukatambaa nyuma ya bomba, ukashika chuma kikubwa cha mota, ukashuka, ukapinda, kama yeye alivyosema, neno kwa neno, mpaka ukafika chini tumboni, ukawa tone. Watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja. Nami nilisema. Nilisahau kama nina hasira, nilikuwa karibu kupiga makofi.

Kisha nikaona ule mstari ulipoanzia.

Ulianzia chini ya kitu cha buluu.

Kifundo. Kifundo kidogo cha kamba ya nailoni, kilichofichwa na grisi na vumbi mpaka sabuni na mazutu vikakifunua, kimeng'ang'ania bomba, kimelala ndani ya mfereji mwembamba ambao kamba yenyewe ilikuwa imeukata kwenye shaba, mwezi mzima, kila upepo ulipotikisa mablanketi mawili mabichi, mashuka na nepi kumi na nane. Ndiyo. Mpapai ulipoanguka, mimi nilikasirika nikasema, umeniangushia mti, basi utakuwa mti wewe. Upande mmoja nikafunga kwenye msumari wa ukuta wangu, upande wa pili kwenye kile kibomba, kilikuwa kinapendeza, kimetokeza vizuri. Fundi alipokuja niliikata kamba haraka kwa kisu, ncha yake nikaifunga kwenye msumari wa pili wa ukuta. Kifundo kilikuwa kimekaza sana, nikakiacha.

Fundi Saidi alikiona. Nilimwona akikiona. Macho yake yakatoka kwenye kifundo, yakapanda mpaka kwenye ukuta wangu, yakakuta kamba ya buluu bado inaning'inia pale na nepi sita. Yakarudi. Akatoa koleo mfukoni, akakata kile kifundo, akakifumbata kiganjani kama mtu anayeua mbu.

"Imekwaruzwa," akawaambia watu. "Ni uzee."

Mtu niliyekuwa nimemwita mwizi mbele ya kartie nzima, nusu saa haijapita, akanifichia.

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza, nisiwadanganye. Lakini shefu wa shantie akanyoosha viatu vyake vyeupe na kusema: "Uzee? Siku tatu kwa bomba moja? Fundi Saidi, hii ulipaswa kuiona siku ya kwanza. Kesho nitaleta fundi mwingine, na lori ije ichukue mashini, muda wa shantie ya hapa umeisha."

"Na mufereji?" mtu akauliza.

"Itangoja kiangazi kijacho."

Kiangazi kijacho. Nikageuka nikaangalia milima, mawingu yalikuwa yamekaa pale kama wakwe. Hatua kumi na moja. Na Fundi Saidi anapangusa koleo lake na nepi ya mwanangu, kiganja cha kushoto bado kimefumbwa.

"Ni mi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mi nilifunga kamba. Ya nguo. Ku bomba." Nikanyoosha mkono. "Ile."

Watu arobaini wakageuza shingo kwa pamoja wakatazama nepi zangu sita. Wakatazama mashini. Kisha kicheko kikaanza kwa wauza mkaa, kikaja kama maji ya korongo. Spesi alianguka kutoka juu ya tofali, nikasikia kishindo, na hata akiwa chini aliendelea: "Mama Bukuru alianika nepi ku buldozeri! Halafu akamushitaki fundi! Na Kifaransa juu!"

Fundi Saidi akafumbua kiganja, akanipa kifundo changu. "Ni fundo nzuri," akasema. "Mi mwenyewe nilishindwa kuifungua." Hakunitania. Nilimwangalia usoni kuhakikisha.

Halafu akaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyemwambia kesho haji. Akakata kipande kile kilichoumwa, akaunga kwa mpira na koliye mbili, vile vipete vya kubania, akakaza, akafungua skrubu ndogo juu ya chujio na kuanza kupiga kipampu cha mkono, taratibu, mazutu ikatoka na mapovu.

"Sasa unafanya nini?" nikamwuliza, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekwisha.

"Namutoa hewa. Ikibaki hewa ndani, ataamka kidogo, atakohoa, atazimika."

Namtoa hewa. Mimi kila baada ya kunyonyesha namlaza mmoja begani, nampigapiga mgongo, namtoa hewa, kisha mwingine. Neno ni lile lile. Nikamsogezea beseni la wanangu likinge mapovu, nikalishika mwenyewe, na kila povu lilipotoka nikawa nasema "bado", "bado", kama tuko kliniki. Mapovu yakaisha, ikaja mazutu safi, fundi akafunga skrubu, dereva akapanda. Mashini ikaamka. Ikapiga mbweu moja kubwa ya moshi, ikatulia, ikaunguruma sawasawa, na chini ya tumbo lake pakabaki pakavu.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii, walikuwa wanangoja. Fundi mwenyewe alikuwa amelala chali chini yake, anaangalia. Alipotoka, uso umejaa poda, akasema "Alhamdulillah," ndipo makofi yakaja.

Na shefu wa shantie? Tayari anapiga simu ya lori. Bomba limepona, mfereji umekwama, fundi amefukuzwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo hasira yangu ilirudi, lakini safari hii ilikuwa inajua nyumba ya kwenda.

Shefu wa kartie akajikohoza. Mtu huyu huwa namcheka kwa kashe yake, lakini siku ile nilimheshimu. "Mama Bukuru," akasema bila kunitazama, anafungua kikoba, "ulisema uko na malalamiko. Kitu chenye malalamiko hakitokaki mu kartie mupaka tusikilizane. Bado unayo, ao umeyaacha?"

"Ninayo," nikasema.

Nikageuza ile barua ya Kifaransa upande wa nyuma, nikaiweka juu ya mnyororo wa mashini, na Butoyi mgongoni akivuta nywele zangu, nikaandika kwa Kiswahili, lugha ninayosema nyumbani. Nawaambia mapema, msije mkauliza, kwamba lori lilikuja likarudi tupu, kwamba Fundi Saidi alibaki siku zote tano za kumalizia kuchimba, kwamba mfereji umefika mtoni, na mvua ya kwanza nilipotoka usiku na tochi kupima, hatua zilikuwa bado kumi na moja. Barua yenyewe hii hapa, kama ilivyopigwa kashe:

*Kwa Shefu wa Kartie. Mimi, mama wa Bukuru na Butoyi, nalalamika. Nalalamika kwanza juu ya mtu aliyefunga kamba ya nguo kwenye bomba la mazutu bila kuuliza bomba linabeba nini, akaharibu mashini ya watu, kisha akamwita mwizi mtu aliyekuwa anaenda kuswali. Mtu huyo anaapa mbele yako hatafunga tena kamba kwenye kitu asichokijua, wala hataandika tena jina la mtu kabla hajatafuta tone linatokea wapi. Nalalamika pia juu ya kampuni iliyoacha mashini mwezi mzima mlangoni kwangu bila mlinzi, ikamtuma fundi mzuri kuliko wote niliowaona bila kumpa hata kitambaa, mpaka akaomba nepi na poda kwa watoto wachanga. Naomba fundi huyo asiondolewe, na mashini isitoke Gasenyi kabla mfereji haujafika mtoni. Naomba beseni moja, jipya. Poda siidai, nimeitoa kwa moyo. Mlalamikaji ni mimi. Mlalamikiwa wa kwanza ni mimi. Shahidi ni kifundo cha kamba ya buluu, nimekibana kwa pini juu ya karatasi hii.*